Mjomba alisema, hakuandika

Asanteni, kaeni jamani. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini na anajua fika sitamaliza, na nyie mlionisikia pale Kilifi mwaka jana mshajua naanza na mjomba. Naam, naanza na mjomba, maana leo habari ni ya kuandika wasia utakaolinda msitu wako na ndege wake.

Mjomba wangu alikuwa na shamba huku Marafa, ekari kama kumi na nane hivi. Saba alilima, mahindi, kunde, mihogo kidogo, zile kumi na moja hakuzigusa. Mirihi mitupu, na katikati mibambakofi mitatu ambayo watu wanne mkishikana mikono hamuuzunguki mmoja. Ukiingia mle saa saba mchana, jua la kuchoma utosi huku nje, unakuta baridi ya mtungini. Na kila harusi, kila matanga, mzee anasimama na bakora yake: "Pale msituni nikifa asitie mtu panga." Watu wote naam, naam. Chifu kashamsikia, ukoo mzima ushamsikia, mimi nilianza kumsikia nikiwa darasa la nne na amekufa nina mvi.

Arobaini haijaisha, nisikilizeni hapo, arobaini haijaisha nakuta lori la kanta limepaki chini ya mwembe. Na aliyeuza miti si mlevi wala mwizi, ni binamu yangu mdogo, yuleyule aliyekuwa akimshika mzee mkono kumpeleka chooni usiku, sasa ana deni la hospitali, na deni lenyewe ni la kumuuguza mzee huyohuyo. Mnaona? Tungekuwa na mtu wa kumlaumu ingekuwa nafuu. Mnunuzi kaja na keshi, misumeno miwili ya pawa, vijana sita. Mbambakofi wa kwanza ulipoanguka mimi niko barazani, vikombe vya chai vikalia kwenye sinia. Halafu makaa, matanuri yanafuka usiku kucha, magunia yamepangwa mpaka njiani.

Nikaenda kwa wakili na hasira zangu, nikamwambia wasia upo, nina mashahidi mia tatu. Akaniuliza swali moja tu, mzee alitamka mara ya mwisho lini? Nikasema kama mwaka mmoja kabla hajafa. Akafunga faili. Maana sheria yetu ya urithi Kenya inaukubali wasia wa mdomo, ndio, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini mwenyewe awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke. Miezi mitatu! Kwa hiyo kosa la mjomba ni kuishi sana.

Sasa nawajua, kuna mtu hapo anasema moyoni kuandika wasia ni kujiitia kifo. Mbona bibi zetu wanaweka sanda sandukuni miaka ishirini na bado wapo wanatusema? Sanda haimwiti mtu, karatasi ndio imwite?

Mwingine anasema haya mambo ya kugawia ndege urithi ni ya wazungu. Aa, hapo hapana. Kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, nani aliziweka? Wazungu? Wamijikenda walifunga misitu yao hawakati hata fimbo mle, na UNESCO wamekuja kuzitambua 2008 wakati zina mamia ya miaka. Utaniambia basi zilidumu bila karatasi. Zilidumu kwa kuogopwa, na woga ulipopungua zikaanza kumegwa, mahoteli huku, viwanja kule, ndio maana kuanzia 1992 zikaanza kugazetiwa kama turathi za taifa. Kama kaya yenye viapo na fingo, kinga ya uganga iliyozikwa mle, imehitaji karatasi, shamba lako wewe la Marafa litalindwa na nini, na harusi?

Na mnajua tunachokichoma? Kuna ndege, mnana mmoja, Waingereza wanamwita wa Clarke, hapatikani popote duniani ila kaunti hii ya Kilifi, na viota vyake vimeonekana mara ya kwanza 2013 hapahapa kwenye msitu wetu wa Dakatcha. Dunia nzima inamtafuta, sisi tunamuuza Mombasa kwa gunia la makaa.

Watoto watakula nini? Swali zuri, na sijasema umwachie mnana shamba zima. Ukimnyima mtoto au mke anayekutegemea anaweza kwenda kortini na korti itamsikiliza, kwa hiyo wape chao, saba zao zile. Na hata msitu si lazima utoke nje ya familia. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu kuandikisha sharti la uhifadhi juu ya taito yenyewe, hati ya shamba, ungali hai, shamba likaenda kwa mtoto, kwa mnunuzi, kwa yeyote, sharti linalifuata. Hili ndilo nalipenda zaidi na ndilo hakuna anayeniuliza.

Waislamu wenzangu, theluthi ya mali mnaijua, wasia hauvuki hapo na mrithi hausiwi, sirudii. Lakini kuna wakfu, tumezoea msikiti, kisima, makaburi. Msitu unaotunza kisima je? Mwulizeni kadhi, msiniulize mimi mwalimu mstaafu.

Mwenyekiti nimekuona, nakimbia. Mashahidi wawili waone ukitia sahihi wasia, na asiwe shahidi yule unayempa kitu, zawadi yake inaweza kubatilika. Wasii, yaani msimamizi wa wasia wako, awe mtu anayejua kusoma na asiyeogopa shangazi zako. Taito, kama bado ina jina la babu huna cha kuusia, anza na mirathi ya babu kwanza, na hapa naona nusu ya ukumbi mmeinamisha macho. Kama msitu unaliachia shirika, wapo wanaonunua na kutunza msitu Dakatcha, Nature Kenya, A Rocha Kenya, nenda kawaulize kwanza kama watapokea, usimwachie mtu ekari kumi na moja bila senti ya mlinzi ukadhani umemsaidia. Ya kodi na mipaka nilikuwa nayo pia, basi, yamenipita.

Binamu? Tunaongea, ndio. Mwaka juzi alipanda mirihi arobaini palepale, mbuzi wamekula yote isipokuwa sita. Sasa hiyo sita nimemwambia twende kwa wakili, anasema tungoje ikue.

Haya, mzee wa kofia pale nyuma, mkono wako uko juu tangu niseme mjomba. Uliza.