Mlango Ufungwe: Kupima Bahari Penye Barafu

Swali la kwanza huwa ni lile lile: meli inavunja barafu nene kiasi gani? Nijibu tupite. Polarstern, meli ya utafiti ya Wajerumani iliyoanza kazi mwaka 1982, ina urefu wa mita 118 na hupasua barafu ya mita 1.5 bila kusimama. Basi. Kufika ni kazi ya nahodha. Kazi yetu, kupima maji ya bahari, inaharibikia kwenye mlango wa chumba cha vifaa melini, pale fremu ya vipimo inapotoka majini, na hili nitalirudia hadi mnichoke.

Fremu ina chupa 24 za kuteka maji zilizopangwa duara, na chini yake vihisi vya jotoridi, kina na chumvi. Kihisi cha chumvi hupima maji yanavyopitisha umeme ndani ya mrija mwembamba wa kioo. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi -1.9 hivi. Hewa ikiwa nyuzi -20, maji yaliyobaki mrijani huganda kwa dakika chache, hutanuka, kioo hupasuka. Kikivunjika kabisa mtaona mara moja. Ufa mdogo ndio hatari: namba zinaendelea kutoka, zinafanana na za kweli, kumbe zimepotoka.

Kwa hiyo fremu ikae chumba chenye joto hadi winchi, mashine ya kuishusha kwa kamba, iwe tayari. Ishusheni mita 10, msubiri pampu zivute maji. Vihisi vya chumvi ni viwili. Visipokubaliana, huenda kimoja kimeziba kwa barafu. Shukeni hadi maji yenye joto zaidi, kisha rudini juu muanze upya.

Mtu atasema: si tuvisafishe kwa maji ya bomba? Visafisheni, ila mlango uwe umefungwa. Maji yasiyo na chumvi huganda kwenye nyuzi 0, mapema kuliko ya bahari.

Sasa chupa. Maji yakiganda hufukuza chumvi, na yanayobaki huzidi chumvi. Gramu moja tu ya barafu ndani ya chupa ya lita 12 hupotosha kipimo cha chumvi kwa karibu 0.003 (takriban gramu kwa kila kilo ya maji), nasi tunatafuta usahihi wa 0.002. Maabara itapima sampuli hiyo vizuri kabisa, kisha mtu atatumia jibu lake kurekebisha kihisi kilichokuwa kizima!

Msiniambie 0.002 ni kidogo. Maji mazito yanayozama pembeni mwa Antaktika hutambaa sakafuni hadi bonde la Somalia, huku kwetu, na mabadiliko yake kwa miaka kumi huhesabiwa kwa sehemu za elfu. Mkikosea hapo, hamna mlichopima.

Na angalieni zamu ya kuchota: gesi kwanza. Oksijeni ichotwe kwa mpira usio na mapovu, maji yafurike mara tatu ya ujazo wa kichupa. Sampuli ya chumvi huchotwa mwisho, kwa hiyo ndiyo inayokaa chupani muda mrefu kuliko zote, na mlango ukiwa wazi itaganda. Mnaona kwa nini nashikilia mlango?

Mita 20 za juu zitilieni shaka kama propela zimesukuma barafu kando; zimekwisha kuchanganya maji. Matope na nyavu za krili, vijidudu vya baharini mfano wa kamba wadogo, sitazifikia leo, muda umekwisha. Ila kwenye daftari la zamu andikeni saa fremu ilipotoka majini, saa mlango ulipofungwa, na jotoridi la hewa.