Jaketi jepesi na risasi za kuzamia Ziwa Nyasa

Mugonile jamani! Leo niko Matema, milima ya Livingstone ile pale nyuma inashuka hadi majini. Tunachagua jaketi la kuelea, lile linaloshika mtungi wa hewa mgongoni, halafu tunapanga risasi, vile vipande vizito vya kukusaidia kuzama.

Nimekuja na basi kutoka Mbeya, kwa hiyo kwangu jaketi jepesi ndilo jaketi. Hili halina bamba gumu mgongoni, halifiki kilo tatu, linakunjwa linaingia begini. Kulivaa sioneshi, ni kama kizibao. Ila ukiwa dukani lijaze upepo kabisa ukiwa umelivaa. Likikubana mbavu ukashindwa kuvuta pumzi, chukua saizi kubwa zaidi.

Sasa sogeeni. Huu mkanda unaoshika mtungi, LOWESHA KWANZA. Nailoni kavu unaikaza ikakaa, ikishalowa inalegea. Mimi mtungi ulinichomoka mgongoni nikiwa mita sita chini, ukabaki unaning'inia kwenye mpira wa regulata, kile kifaa cha kupumulia, niliyoing'ata. Siku ile niliogopa sana. Kwa hiyo lowesha, kaza, nyanyua jaketi, tikisa... Mmeona? Umeteleza! Dogo, usizime kamera, waone. Sehemu inayopita kwenye bizimu haikulowa. Natumbukiza mkanda wote. Nakaza tena. Natikisa. Haya, umekaa. Lowesha wote, jamani, wote.

Risasi. Kama umezoea Zanzibar, usije na hesabu za maji chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko haya kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo wewe na vifaa vyako mkifika kilo 90, huku punguza kama kilo 2 za risasi. Mimi baharini nabeba 6, hapa 4: mbili kushoto, mbili kulia. Mfuko wa risasi ukiusukuma ndani ya jaketi, subiri usikie "tak!"

Pima risasi zako mtungi ukiwa umebaki na presha ya baa 50, maana hewa nayo ina uzito: mtungi wa lita 11 uliojaa baa 200 umebeba zaidi ya kilo 2 za hewa. Simama wima pasipofika miguu, toa upepo wote kwenye jaketi, shika pumzi ya kawaida. Maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Ukishuka kama jiwe, toa kilo moja, rudia. Na kushika pumzi ni hapa juu tu. Ukiwa chini vuta na toa muda wote.

Halafu hili ni letu sisi wa nyanda za juu. Ukitoka majini usidandie basi la Mbeya jioni hiyo hiyo! Ziwa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700. Mwili unaona umepanda ndege, na kupanda ndege mara tu baada ya kuzamia ni hatari. Umezamia mara moja, subiri angalau masaa 12. Umerudia, masaa 18. Mimi nalala hapa hapa, kesho nanunua chungu cha Wakisi, mchana ndiyo napanda Tukuyu.