Betri ya Moyo Husikiliza Kwanza

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Kabla sijaenda mbali, kila mmoja aweke vidole viwili kwenye mkono wa pili, upande wa kidole gumba, pale panapodunda. Hesabuni, mimi natazama saa. (Nusu dakika.) Basi. Zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100. Kijana wa mazoezi anaweza kupata 50 na akawa mzima kabisa. Lakini mtu akipata 35, na nyumbani wanasema siku hizi anaanguka anguka, huyo moyo wake unahitaji kutazamwa leo, si wiki ijayo.

Nasema hivi kwa sababu huku kwetu mtu akianguka ghafla, watu husema ni kifafa, na wakishindwa hapo husema ni mashetani. Tunapokea watu kutoka Kondoa, Mpwapwa, hata Manyoni, wamemeza dawa za kifafa kwa miaka na hakuna aliyewahi kuwashika mkono akahesabu. Zipo dalili za kutofautisha. Anayeanguka kwa sababu moyo umesimama kwa sekunde kadhaa hupauka kwanza, analegea, anaweza hata kutikisika mikono kwa muda mfupi. Moyo ukirudi, uso unaiva damu, anaamka upesi na anawatambua wote waliomzunguka. Wa kifafa mara nyingi huamka akiwa amechanganyikiwa, ana usingizi, na hali hiyo humchukua muda. Haitoshi kumaliza ubishi, lakini inatosha kumpeleka mtu akapimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo.

Sasa, moyo una umeme wake. Juu kulia, katika chumba cha juu, kuna kinundu kidogo kinachoanzisha kila pigo. Umeme unatoka pale, unasambaa vyumba vya juu, unafika kwenye kinundu cha pili katikati, unacheleweshwa kidogo ili damu ishuke, kisha unakwenda vyumba vya chini ambavyo ndivyo vinasukuma damu mwilini. Uzee, ugonjwa wa mishipa ya moyo, baadhi ya dawa, upasuaji wa moyo, vyote vinaweza kuharibu njia hiyo. Ikikatika kabisa katikati, vyumba vya juu vinaendelea na kasi yao, huku vya chini vikijipigia vyenyewe mara 20 hadi 40 kwa dakika. Ndiyo ile 35 niliyoitaja.

Hapo ndipo inapokuja betri ya moyo, yaani kifaa kidogo kinachouchochea kwa umeme moyo unaopiga polepole. Mtu wa kwanza kuwekewa betri hiyo mwilini alikuwa Arne Larsson, Msweden wa miaka 43, tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm. Alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja. Mhandisi Rune Elmqvist alitengeneza kifaa hicho kwa kumimina gundi ngumu ndani ya kopo la rangi ya viatu, na daktari Åke Senning akakipandikiza. Kilidumu saa chache tu, wakaweka kingine. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 maishani mwake, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, na si kwa moyo.

Kifaa kile cha kwanza kilikuwa kiziwi. Kilipiga kwa kasi ileile, moyo upige usipige. Hatari yake ni hii: baada ya kila pigo kuna kipindi kifupi ambacho misuli ya moyo inajiandaa upya, na umeme ukiingia hapo kwa bahati mbaya unaweza kuuvuruga moyo wote ukatetemeka bila kusukuma damu. Katikati ya miaka ya 1960 ndipo vikaja vifaa vinavyosikiliza. Kwangu mimi, hapo ndipo betri ya moyo ilipozaliwa kweli.

Inasikilizaje? Kifaa chenyewe kinakaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Waya wake unapita ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni. Waya huo unafanya kazi mbili: unapeleka umeme na unaleta habari. Chumba cha chini kikipiga chenyewe, ncha ya waya inaokota umeme mdogo sana, kwa kawaida zaidi ya milivolti 5. Fundi anakuwa amepanga kiwango, tuseme milivolti 2: kilicho chini ya hapo kipuuzwe, kilicho juu kihesabiwe kuwa pigo. Kifaa kinachuja pia kwa mwendo wa mawimbi, maana wimbi la moyo kujiandaa upya ni la polepole, halipaswi kuhesabiwa.

Ndani kuna saa. Ikiwa kasi ya chini imepangwa 60 kwa dakika, saa inahesabu sekunde moja. Moyo ukipiga wenyewe kabla sekunde haijaisha, saa inarudi sifuri na kifaa kinanyamaza. Sekunde ikiisha kimya, kinatoa umeme wa volti 2 au 3 hivi, kwa chini ya nusu ya elfu moja ya sekunde. Moyo unapiga. Mara tu baada ya hapo kinaziba masikio kwa muda mfupi, kama robo ya sekunde, kisije kikasikia umeme wake chenyewe kikadhani ni moyo.

Chenye waya mbili husikiliza juu na chini. Kikisikia chumba cha juu kimepiga, kinasubiri kama sekunde 0.2; chumba cha chini kikikaa kimya, kinakichochea. Kwa hiyo mtu akipanda ngazi na vyumba vya juu vikaongeza kasi, vya chini vinafuata. Ila kuna mpaka, mara nyingi 120 au 130. Vyumba vya juu vikianza kutetemeka mara 400 kwa dakika, kifaa kinatambua kwamba hilo si jambo la kufuata. Kinaacha kuvifuata, kinashikilia kasi ya utulivu na kuandika tukio hilo kwenye kumbukumbu yake. Mtetemo huo huzaa damu iliyoganda na kiharusi, na wagonjwa wengi tumewaanzishia dawa kwa kumbukumbu hiyo, wao wenyewe hawakuwa wamehisi chochote.

Niseme wazi: betri ya kawaida inamsaidia anayepiga polepole. Haiuzimi moyo unaokwenda mbio vibaya katika vyumba vya chini. Kwa hilo kuna kifaa kingine, kikubwa kidogo, kinachoweza kupiga mfululizo wa haraka kukatiza mbio hizo, na kikishindwa kinatoa shoti.

Kusikia kwaweza kukosea, na hapa ndipo naomba mnisikilize sana. Waya ukichubuka au ukikatika kidogo, unatoa mikwaruzo ya umeme. Kifaa kinadhani moyo unapiga, kinanyamaza, kumbe moyo umesimama. Mtu anaanguka akiwa na betri nzima kifuani. Au kinyume chake, waya umesogea, kifaa hakisikii, kinapiga juu ya mapigo halali.

Ndiyo maana ya kliniki yetu ya kukagua betri. Juzi alikuja mama mkulima wa mpunga kutoka Bahi. Tuliweka kifaa cha kusomea juu ya kifua, mapigo yakaonekana kwenye skrini, kila moja likiwa na alama: hili limesikiwa, hili limetolewa na betri. Tukashusha kasi kidogo kidogo tuone moyo wake una nini chenyewe. Kisha tukapunguza volti: 1.5, 1, kwenye 0.75 pigo moja likakosekana, tukarudisha papo hapo. Alisema tu, "Mwanangu, hapo nimesikia kitu." Tukampangia volti 2. Volti zikizidi bure, betri iliyokuwa idumu miaka 10 inakwisha mapema.

Kijana wa kule nyuma, uliza.

(Swali: Baba yangu ni fundi wa kuchomelea, amewekewa betri. Aache kazi?)

Asiache kabla hajauliza, wala asiendelee kabla hajauliza. Cheche na nyaya za mashine hutoa mawimbi ambayo kifaa chaweza kuyasikia kama moyo. Vifaa vingi, vikisikia kelele mfululizo, hupiga kwa kasi iliyopangwa kwa usalama, lakini mtu asiitegemee kinga hiyo. Aje na kadi yake ya betri, atuambie mashine ni ya ampea ngapi. Mwingine hukubaliwa kwa masharti: asijizungushie kebo, asimame mbali na mashine, asichome mfululizo, asifanye kazi akiwa peke yake, na akisikia kizunguzungu aache na asogee. Anayetegemea betri kwa kila pigo, huyo tunamshauri amwachie kijana kuchomelea, yeye ashike kupima na kukata. Simu atumie, ila aiweke sikio la upande wa pili, isikae mfuko wa shati juu ya betri. Sentimita 15 zinatosha.

Mlete Jumatatu, na kadi asisahau.