Sajili Kampuni ya Limited BRELA: Kuanzia Mgawo wa Hisa Hadi Leseni

Habari za wakati huu, karibuni sana. Leo tunasajili kampuni yenye ukomo wa hisa hapa Tanzania, ile ambayo jina lake linaishia na Limited, kwa BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni na majina ya biashara. Mfano wetu ni huu: wewe na mdogo wako mnasaga na kufungasha unga wa lishe Morogoro. Wateja mnao, na sasa supamaketi imewaita, lakini inataka kuingia mkataba na kampuni.

Usifungue mfumo wa BRELA wa mtandaoni kwanza. Chukua karatasi na kalamu, umwite na mdogo wako akae hapo. Kujaza fomu ni kazi ndogo, ila mtakachojaza ndicho mtakachoishi nacho.

Jiulizeni kwanza kama mko tayari. Ukisajili jina la biashara tu, wewe na biashara ni kitu kimoja: deni lake ni deni lako, na kiwanja chako kinaweza kuuzwa kulilipa. Kampuni ni mtu mwingine kabisa kisheria. Inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na ikishindwa kulipa, mwanahisa anadaiwa kile tu ambacho hajalipia kwenye hisa zake. Lakini nikwambie ukweli, benki nyingi zikikopesha kampuni changa zinataka wakurugenzi wasaini dhamana binafsi. Ukishasaini, kwa deni lile kinga yako imekwisha. Halafu kampuni haikadiriwi kodi kwa mauzo kama mfanyabiashara mdogo. Inatakiwa kuwa na hesabu kamili, na inalipa asilimia 30 ya faida. Kama hata daftari la mauzo hamna, anzeni na daftari, kampuni itawasubiri.

Mko tayari? Sasa hisa, na hapa tutakaa kidogo.

Andika mtaji wa kampuni. Tuseme shilingi milioni 5, uliogawanywa katika hisa 5,000 za shilingi 1,000 kila moja. Hakuna anayekudai uweke milioni 5 benki leo. Huo ni ukomo wa hisa ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa. Ila ada ya BRELA inafuata mtaji huo: zaidi ya milioni 1 hadi milioni 5 ni shilingi 175,000, ukivuka milioni 5 hadi milioni 20 ni 260,000. Kwa hiyo usiandike milioni 100 ili kampuni ionekane kubwa.

Kosa ninaloliona sana ni watu kugawana hisa zote siku ya kwanza. Msifanye hivyo. Wewe chukua 600, mdogo wako 400, zile 4,000 ziacheni. Mwakani akija mtu mwenye mashine kubwa na hela, mtampa kutoka humo bila kubadilisha mtaji.

Na kwa nini nimesema 600 kwa 400, si nusu kwa nusu? Kwa sababu nusu kwa nusu mkigombana hakuna uamuzi unaopita, kampuni inaganda. Lakini mwangalie na mwenye 400 anabaki na nini. Kubadilisha katiba ya kampuni, yaani kanuni mlizoandika za kuiendesha, kunahitaji azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura, kwa hiyo bila yeye huwezi. Kumwondoa kwenye ukurugenzi, hata hivyo, wingi wa kawaida unatosha, na wewe unao. Mwambie hilo leo, mezani, mkiwa bado mnacheka pamoja. Kama hataki hivyo, zungumzeni mpaka mwafikiane.

Mkishakubaliana, nendeni kwenye katiba. Watu wengi wananakili katiba ya kampuni nyingine na kubadilisha jina. Ukinakili, angalau vifungu viwili visome mwenyewe neno kwa neno. Cha kwanza ni cha kuuza hisa: kiseme kwamba anayetaka kuuza awauzie kwanza wenzake. Cha pili ni cha mwanahisa akifariki: hisa zinaingia kwenye mirathi, na bila utaratibu ulioandikwa, utajikuta unaendesha kiwanda na watu ambao hamjawahi kuzungumza. Hapa mlipeni wakili. Ni hela inayofanya kazi.

Sasa fungua mfumo. Andika ors.brela.go.tz, fungua akaunti kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kama jina lako lina herufi tofauti kati ya NIDA na TIN, namba yako ya mlipakodi, mathalani moja Zuhura na nyingine Zuhra, karekebishe kwanza, maana utakwama mbele.

Tafuta jina la kampuni kwenye mfumo uone kama limeshachukuliwa. Likifanana sana na lililopo litakataliwa, kwa hiyo njoo na majina matatu mfukoni.

Anza ombi jipya, chagua kampuni binafsi yenye ukomo wa hisa. Utajaza anwani ya ofisi mpaka mtaa na namba ya nyumba au kiwanja, kisha shughuli za kampuni. Wakurugenzi wasipungue wawili, kila mmoja na namba yake ya NIDA na TIN. Katibu wa kampuni anaweza kuwa mmoja wenu. Kuna pia sehemu ya wamiliki manufaa: hapo anatajwa binadamu anayefaidika au anayeamua kweli. Kama hisa za mjomba zimeandikwa jina lako, hapa ndipo pa kumtaja mjomba.

Ukimaliza, mfumo unakutengenezea fomu. Ichapishe, wote msaini, tamko la kufuata sheria lisainiwe mbele ya wakili apige muhuri. Skani kurasa zote ziwe zinasomeka, muhuri uonekane mzima, upakie pamoja na katiba. Utapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Sasa subiri, lakini usilale: ingia kwenye akaunti kila siku. Msajili akiona kasoro analirudisha ombi kwako na maelezo, na halisogei mpaka urekebishe.

Cheti kimetoka? Hongera. Pakua, hifadhi sehemu mbili.

Kutoka hapo nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, uombe TIN ya kampuni. Ile yako binafsi haitumiki. Utawasilisha makadirio ya kodi ya mwaka, yanayolipwa kwa awamu nne. Kadiria unachoweza kweli kuuza. Kisha fungua akaunti ya benki kwa jina la kampuni, na kuanzia siku hiyo hela ya unga isipite kwenye simu yako. Ukihitaji hela ya nyumbani, jilipe mshahara na uandike.

Leseni ya biashara kwa biashara kama hii inatoka halmashauri, unaomba kwenye mfumo wa Tausi. Na kwa kuwa unga ni chakula, TBS, Shirika la Viwango, nao wana taratibu zao za jengo na bidhaa, fuatilia hayo kabla hujasaini na supamaketi.

Jambo la mwisho, chukua simu yako sasa hivi. Angalia tarehe iliyo kwenye cheti, iweke kwenye kalenda ijirudie kila mwaka. Ndani ya siku 28 kuanzia tarehe hiyo unatakiwa kuwasilisha BRELA taarifa ya mwaka ya kampuni, hata kama hamjauza kilo moja. Ada yake ni shilingi 22,000. Ukichelewa, faini inakua mwezi baada ya mwezi, na kampuni isiyowasilisha inaweza kufutwa kwenye daftari la msajili.