Pointi Nne Zilizopotea Kamalondo

JEANNETTE: Karibuni, ndugu wasikilizaji wa Lubumbashi na wa kwingineko. Mimi ni Jeannette, na pamoja nami yuko mdogo wangu Ilunga, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiniomba tutenge kipindi kizima kwa ajili ya msimu wa 2024–2025 wa TP Mazembe, klabu ya soka ya hapa mjini. Nilimzuia kwa sababu nilitaka hasira yake ipoe kwanza. Haijapoa, kwa hiyo leo nimemwachia nafasi aseme yote yaliyomo moyoni.

ILUNGA: Asante sana, Yaya, dada yangu. Niseme tangu mwanzo kwamba sikuja kumtukana mchezaji wala kocha yeyote. Shabiki anayeipenda timu yake ana haki ya kusikitika, lakini masikitiko yake yanapaswa kuwa na hesabu ndani yake. Timu inaweza kufungwa na timu iliyo bora, na hilo sisi wa Mazembe tunalijua, kwa kuwa tulifika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010 kule Abu Dhabi na Inter ikatufunga 3-0, na bado tulirudi nyumbani tukiwa tumejaa fahari. Msimu huu hatukuzidiwa kwa namna ile. Tulikuwa na ushindi mkononi, katika kiwanja chetu wenyewe, tukauachia.

JEANNETTE: Kabla hujafika huko, wakumbushe wasikilizaji mlianza msimu mkiwa wapi, ili waelewe mlianguka kutoka urefu gani.

ILUNGA: Tuliuanza tukiwa mabingwa wa nchi wa 2024, na miezi michache tu kabla ya hapo tulikuwa tumefika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika dhidi ya Al Ahly. Droo ya makundi ilipotuweka pamoja na Al Hilal ya Sudan, MC Alger ya Aljeria na Young Africans ya Tanzania, watu wengi hapa mjini walisema kwamba kundi ni gumu lakini linapitika. Mimi pia niliamini hivyo, na hata sasa naamini. Tulimaliza wa mwisho tukiwa na pointi tano. Al Hilal walipata kumi, MC Alger tisa, Yanga nane.

JEANNETTE: Tano si kitu kwa klabu iliyokwisha kulichukua kombe hilo mara tano.

ILUNGA: Ndiyo, na sasa sikiliza hesabu yenyewe, Yaya. Mchezo wa kwanza tulicheza na MC Alger hapa Kamalondo, kwenye uwanja wetu, ikawa 0-0. Mchezo wa tatu tulicheza na Yanga, hapahapa, tarehe 14 Desemba 2024, ikawa 1-1. Tungeshinda mechi hizo mbili, tungekuwa na pointi tisa, MC Alger wangebaki na nane na Yanga wangebaki na saba. Tungemaliza wa pili nyuma ya Al Hilal na kuingia robo fainali. Hata kama ugenini kila kitu kingebaki vilevile, yaani tungeshindwa Nouakchott, Dar es Salaam na Algiers kama tulivyoshindwa, bado tungepita. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba tulitolewa kwa sababu ya safari. Tulitolewa hapa nyumbani.

JEANNETTE: Hebu ielezee ile ya Yanga. Mimi niliisikiliza kwenye redio, wewe ulikuwa uwanjani.

ILUNGA: Tulikuwa tumepata bao kwa penalti katika kipindi cha kwanza, na kadiri dakika zilivyokwenda nilihisi kwamba tumeridhika nalo. Unajua uwanja wetu: si mkubwa, watu elfu kumi na nane tu, na majukwaa yako karibu na mstari kiasi kwamba unasikia mabeki wakiitana. Dakika tisini zilipokwisha, mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia yake ya rangi nyeusi na nyeupe, akaikunja, akaiweka mfukoni kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Watu walikuwa wanampigia mwamuzi miluzi ili amalize mpira, huku wengine wakimwonyesha saa zao. Ngoma hazikuwa zimenyamaza. Kisha mpira ukarudi tena langoni kwetu, Prince Dube akafunga, na ngoma zikakatika katikati ya mapigo. Yule mzee hakugeuka kumtazama mtu. Alibaki ameikodolea macho nyasi bandia mpaka wachezaji walipoingia ndani.

JEANNETTE: Na wiki tatu baadaye mkakutana nao tena.

ILUNGA: Katika uwanja wa Benjamin Mkapa, ndiyo. Huko nako tulitangulia kufunga kwa penalti, kisha Clement Mzize akatufunga mawili na Aziz Ki moja, ikaisha 3-1. Lakini mechi hiyo siiwekei kinyongo, kwa kuwa Yanga walicheza vizuri kwao, mbele ya watu wao, kama inavyotakiwa. Kinachoniumiza ni kwamba sisi kwetu hatukufanya hivyo.

JEANNETTE: Mdogo wangu, nikupinge kidogo. Wasikilizaji wanajua kwamba mimi ni wa Lupopo, klabu nyingine ya hapa Lubumbashi, tangu utotoni, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa reli na nyumbani kwetu hakukuwa na rangi nyingine isipokuwa njano na buluu. Klabu yangu ilitwaa ubingwa wa nchi mara ya mwisho mwaka 2002. Watoto waliozaliwa mwaka ule ni wazazi sasa. Ninyi mlipokuwa mnachukua makombe ya Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, sisi tulikuwa tunawatazama na kuvumilia. Je, msimu mmoja mbaya unatosha kumfanya shabiki wa Mazembe azungumze kana kwamba ameonewa?

ILUNGA: Ni swali la haki, Yaya, na sitalikwepa. Anayetazama kutoka nje huona msimu mmoja, ila mimi naona kitu kilichoanza mapema zaidi. Rudi kwenye nusu fainali ya Aprili 2024: Al Ahly walikuja hapa, tukatoka 0-0, halafu wakatufunga 3-0 Cairo. Baada ya hapo MC Alger wakaja, tukatoka 0-0 tena. Mara zote mbili mgeni aliondoka Kamalondo bila kufungwa hata bao moja. Zamani haikuwa hivyo. Fainali ya 2010 tuliwafunga Espérance ya Tunisia 5-0 katika mji huu huu. Mwaka 2015, USM Alger walipokuja kwa mchezo wa marudiano wa fainali, tulikuwa tayari tumeshinda 2-1 kwao na tungeweza kukaa nyuma na kulinda. Hatukulinda. Mbwana Samatta alifunga kwa penalti, na Roger Assalé akaongeza la pili katika dakika za nyongeza, wakati watu wengine wangekuwa wanapoteza muda kwenye kona ya uwanja. Dakika za mwisho zilikuwa mali yetu. Sasa zimekuwa za wageni.

JEANNETTE: Hapo nakuelewa vizuri zaidi. Unasema kwamba kilichobadilika ni tabia ya timu katika robo saa ya mwisho.

ILUNGA: Ndivyo. Na usinihubirie habari za matatizo ya nchi au ya ligi, kwa maana wale Al Hilal walioongoza kundi hawakuwa hata na nyumbani. Vita vya Sudan vimewafukuza Omdurman, mechi zao za nyumbani walizichezea Nouakchott, Mauritania, maelfu ya kilomita kutoka kwa mashabiki wao, na bado walimaliza juu ya kila mtu. Sisi tulikuwa na uwanja wetu, majirani zetu na ngoma zetu, na tulikuja kushinda mchezo mmoja tu, wa mwisho, dhidi ya hao hao Al Hilal, wakati wao walikuwa wamekwisha kufuzu na sisi hatukuwa na njia tena.

JEANNETTE: Kuna jambo moja ambalo mashabiki wa kiume wa Mazembe hulisahau kila wanapolia kuhusu msimu huu, na mimi kama mwanamke sitaliacha lipite. Novemba 2024, siku chache tu kabla ya ile 0-0 na MC Alger, wanawake wa TP Mazembe walikuwa Moroko, wakawafunga AS FAR, wenyeji, 1-0 katika fainali, wakawa mabingwa wa Afrika. Kocha wao, Lamia Boumehdi, ni Mmoroko, na alishinda fainali hiyo katika nchi yake mwenyewe. Msimu huo huo, jezi hiyo hiyo. Kwa nini unauita msimu wa huzuni?

ILUNGA: Una haki, na nakubali kwamba hatukuwapa heshima waliyostahili. Ila hilo linaniongezea maswali badala ya kunipunguzia. Wanawake wetu waliongoza kwa bao moja dhidi ya wenyeji, katika fainali, na wakalilinda mpaka filimbi ya mwisho. Kwa hiyo ujuzi huo umo ndani ya klabu. Watu wanaojua kufunga mchezo wapo, wanavaa nembo ile ile. Kwa nini wanaume hawakuweza, tena wakiwa kwao?

JEANNETTE: Ligi ya nchi nayo ikaenda Kinshasa.

ILUNGA: Kwa Aigles du Congo, kwa mara yao ya kwanza. Sitakawia hapo, ligi yenyewe ilikuwa na misukosuko mingi mwaka ule. Matokeo yake ni kwamba Ligi ya Mabingwa ya msimu uliofuata ilianza bila sisi, na aliyeuwakilisha mji wa Lubumbashi ni klabu yako.

JEANNETTE: Ambayo iliwatoa Orlando Pirates. Tulishinda 3-0 hapa, wakatufunga 3-0 kwao, tukawashinda kwa mikwaju ya penalti na kuingia hatua ya makundi. Niambie ukweli, mdogo wangu: ulifurahi?

ILUNGA: Nilifurahi kwa ajili ya mji, na kwa ajili yako, Yaya, kwa sababu najua mmesubiri miaka mingapi. Lakini nilipozima televisheni nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimewaona watu wa Lupopo wakicheza nyumbani jinsi sisi tulivyokuwa tukicheza: bao moja, la pili, halafu la tatu, bila kuridhika, na yale mabao matatu ndiyo yaliyowaokoa kule Afrika Kusini mambo yalipoharibika. Wangeishia kwenye moja, wangetoka.

JEANNETTE: Basi kama ungepewa nafasi ya kuzungumza na viongozi wa klabu, ungeomba nini? Kitu kimoja tu.

ILUNGA: Nisingeomba kocha mpya wala mchezaji wa bei kubwa. Ningeomba vijana wanaolelewa hapahapa mjini, katika akademia, wapewe nusu saa ya mwisho ya mechi za Kamalondo tunapokuwa tunaongoza kwa bao moja, waingie wakiwa na miguu mipya na amri ya kutafuta la pili. Kijana wa Katuba au wa Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, aliyekua akiusikia uwanja ule ukivuma kutoka barabarani, hawezi kucheza mbele ya watu wake kwa kungojea filimbi.

JEANNETTE: Na akikosea, mpira ukapotea, mkasawazishiwa tena?

ILUNGA: Nitaumia, Yaya, lakini Jumapili inayofuata nitarudi uwanjani.