Tundu la Pini: Mhadhara kwa Mafundi Vijana wa Mashua

Asalaam aleikum, wanangu. Ubao huu niliouegemeza ukutani umetoka kwenye Wayfarer ya zamani, ya mbao, aina ya mashua ndogo ya tanga. Mashua hiyo ilichorwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957, urefu wake mita 4.82 tu, na mwaka 1963 baharia Frank Dye na mwenzake mmoja walisafiri na moja ya aina hiyo kutoka Scotland hadi Iceland, bahari ya baridi, chombo kiko wazi. Mtu haendi safari ile bila kuuamini ubao kama huu. Sentabodi tunauita. Unashuka ndani ya kisanduku kilichosimama katikati ya mashua, unachomoza chini ya maji.

Jahazi halina haja nao, mkuku wake mrefu unashika maji. Hizi ndogo chini ni kama sinia. Piga bisho, yaani enda kuukabili upepo, bila sentabodi uone: omo, mbele ya chombo, inatazama unakotaka kwenda, chombo chote kinasukumwa demani, upande upepo unakoelekea.

Sasa, mashua ikivuja, fundi mchanga hukimbilia kumwaga resini kwenye kisanduku. Mimi naanza na pini, kile chuma kinachopita kwenye kisanduku na ubao, ubao ukizungukia hapo. Wewe wa mbele, njoo utie kidole. Tundu hili lilikuwa la milimita 12. Leo lina umbo la yai, milimita 17 kwa urefu. Kila wimbi linaugonga ubao kwenye pini, vanishi inabanduka humo ndani jicho lisimofika, na plaiwudi inakunywa maji. Ubao unavimba, unakwama. Gonga hapa juu: ko, ko. Gonga karibu na pini: du. Hapo matabaka yameachana.

Mwaka mmoja nilipaka rangi ubao uliokauka juu juu tu. Baada ya miezi miwili mwenyewe aliurudisha, rangi imefura mapovu, na kisu kikazama kama kwenye muhogo uliooza. Iliniuma, maana ubao ule ulikuwa wa kuokolewa. Tangu siku hiyo nauanika kivulini na kuupima kwa mizani kila wiki. Ukiacha kupungua uzito, ndipo umekauka.

Tundu jipya pembeni usitoboe. Panua lilelile mpaka ukute mbao nzima, hata kama ni milimita 30. Paka epoksi nyepesi, ile resini ya kuchanganya na kigumishi, mbao inywe ishibe, kisha jaza epoksi iliyokorezwa kwa unga wake. Kwa joto letu la pwani changanya kidogo kidogo, tena kwenye sahani pana. Kwenye kikombe kirefu itapata moto na kuganda kabla hujaitumia. Ikishakauka, osha kwa maji ule utando wa mafutamafuta ndipo upige msasa. Halafu toboa milimita 12 katikati. Pini sasa inazunguka ndani ya epoksi, mbao haiigusi.

Pini yenye kishimo tupa. Washa za mpira, zile pete za kuzuia maji kwenye pini, weka mpya, pande zote mbili. Na kisanduku kisafishe: kokoto moja iliyoingia mashua ikiburutwa ufukweni inatosha kuchana kazi yote hii.

Mashua ikishushwa, iache imefungwa gatini kwanza. Futa kisanduku kikauke, bandika karatasi nyembamba chini ya pini kila upande, ngoja saa moja. Karatasi ikilowa, pandisha mashua na ufungue washa siku hiyohiyo.