Ile F2 ya 1960

MADO: Jambo kwenu wa Lubumbashi na kwingineko. Leo kaka yangu, Yaya Ilunga, kaja na mkebe wa biskuti, na ndani hamna hata biskuti moja.

ILUNGA: Mna mashine 11 za kunyolea, zile za kutiwa wembe wa makali mawili.

MADO: Kumi na moja! Na ndevu zenyewe ziko wapi?

ILUNGA: Shika hii kwanza. Super Speed ya Gillette. Zungusha kitako cha mpini.

MADO: Ee! Juu panafunguka kama milango. Lakini Yaya, kila ukinionyesha moja, unaishia kuisimulia ile uliyoitoa.

ILUNGA: Inaniuma, mdogo wangu. Niliikuta soko la komini Kenya, kwa mzee wa spea za baiskeli, imelala kati ya minyororo, nyeusi kwa grisi. Nikaisugua kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa. Fatboy ya Gillette, ile nene, yenye pete ya namba shingoni, 1 hadi 9.

MADO: Namba za nini?

ILUNGA: Ukipandisha namba, wembe unajitokeza zaidi. Kwenye 1 unapapasa, kwenye 9 unakwangua. Mimi sikujua. Niliikuta iko 9, nikanyolea hiyohiyo asubuhi ya harusi ya shemeji.

MADO: Wewe ndiye uliyepigwa picha na vikaratasi kidevuni!

ILUNGA: Vitatu. Nikasema mashine hii ina roho mbaya. Wiki ileile nikampa fundi cherehani mmoja wa Kamalondo, naye akanipa mashine mbili za Gillette aina ya Tech na brashi iliyonyonyoka.

MADO: Ukajiona mjanja.

ILUNGA: Sana! Baadaye ndipo nikajifunza kusoma alama. Chini ya kichwa pana herufi na namba: herufi ni mwaka, namba ni robo ya mwaka. Yangu nilikuwa nimeiandika kwenye daftari: F2. F ni 1960. 2 ni Aprili mpaka Juni.

MADO: Ngoja. Juni 1960?

ILUNGA: Tarehe 30 tukapata uhuru. Hapa bado panaitwa Elisabethville, na kule Boston mashine yangu inatoka kiwandani. Tena ndani ni shaba na zinki, nikeli imepakwa juu tu.

MADO: Usianze kusema shaba ilitoka kwetu!

ILUNGA: Sijasema. Nimewaza tu.

MADO: Na fundi hataki kuirudisha?

ILUNGA: Nimekwenda mara nne. Nimempa zake mbili, nikaongeza Super Speed, nikaongeza na makuta, pesa taslimu. Anacheka tu. Juzi nimemkuta ananyoa mlangoni, kioo kakiegemeza kwenye cherehani. Nikachungulia namba.

MADO: Ngapi?

ILUNGA: Tatu. Kidevu safi, hakuna hata tone la damu. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa unaiweka ngapi?"

MADO: Ukamjibu?

ILUNGA: Nikamwambia sikumbuki.